Kutembea Mjini na Rafiki: Kikoa, Bia na Karamu za Mombasa

Mavuno yakisha kuingia ghalani, au mwisho wa mwezi ukisha kufika, watu wengi wa bara huingiwa na hamu ya kushuka pwani. Mkulima amechoka na jembe, karani amechoka na faili, na kila mmoja ana rafiki wawili watatu ambao hajaketi nao kwa raha tangu mwaka uliopita. Basi hutumiana habari, hupatana siku, na gari la moshi huwapeleka Mombasa. Hakuna ubaya wowote katika jambo hilo, kwani mwili na moyo vyote vyataka mapumziko. Lakini yafaa tuseme waziwazi neno ambalo wengi hulinong'ona tu: safari nyingi za namna hii huanza kwa kicheko na kuishia kwa kununiana, na sababu yake karibu siku zote ni moja, nayo ni fedha ya chakula.

Nilisimuliwa habari za jamaa saba waliosoma pamoja katika shule moja ya Taita. Wawili ni makarani, mmoja ni mwalimu, mmoja mwashi, na watatu ni wakulima wa mboga. Walipatana kwenda Mombasa wakati wa sikukuu ya Krismasi. Walizungumza juu ya siku ya kuondoka, juu ya mahali pa kulala, hata juu ya nguo za kuvaa. Juu ya fedha hawakuzungumza hata kidogo, kwa kuwa kila mmoja aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya rafiki. Jioni ya kwanza wakaingia mkahawani. Makarani wakaagiza kamba wa kukaanga na samaki mkubwa wa kupaka. Mkulima mmoja akaagiza chapati mbili na maharagwe, kwani alikuwa amehesabu fedha zake njiani. Hesabu ilipoletwa, mtu mmoja mchangamfu akasema, "Ndugu zangu, sisi ni kitu kimoja, tugawe sawasawa." Wakagawa kwa saba. Yule wa chapati na maharagwe akalipia kamba asiowaonja.

Siku ya pili akasema tumbo lamuuma, akabaki katika nyumba ya kulala wageni. Wenzake walidhani ni kweli. Alikula mkate mkavu na maji siku mbili, na mwaka uliofuata alipoalikwa tena alijibu kwamba ng'ombe wake alikuwa mgonjwa. Mpaka hivi leo wale sita hawajui sababu, na wanasema kwamba mwenzao amekuwa mtu wa kujitenga.

Habari kama hizo ni nyingi, nami naamini msomaji anaweza kuongeza yake. La kushangaza ni kwamba watu wa pwani walikuwa na dawa ya maradhi haya tangu zamani, na dawa yenyewe imo katika maneno mawili ambayo vijana wa siku hizi hawayatumii sana. Neno la kwanza ni kikoa. Watu wakila kikoa, kila mmoja huandaa chakula kwa zamu yake: leo kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa fulani, mpaka zamu imewazungukia wote. Neno la pili ni bia. Kula bia ni kula kwa kuchangiana gharama, kila mtu akitoa fungu lake kabla sufuria haijatelekwa motoni. Neno hili si lile la kinywaji cha chupa, ijapokuwa nimepata kumwona kijana akifurahi mno alipoambiwa kwamba wazee wa mtaa walikuwa wakila bia kila Ijumaa.

Kikoa chafaa watu wanaokaa jirani, kama vile makarani wa ofisi moja au wakulima wa kitongoji kimoja, kwa sababu kila mmoja ana jiko lake na zamu yake haina budi kufika. Bia yafaa wasafiri, kwa sababu ugenini hakuna mwenye jiko. Lakini yote mawili yana shina moja: mpango hufanywa kabla ya kula, hadharani, na hakuna anayeulizwa mfuko wake una kiasi gani wakati mate yamekwisha kujaa kinywani.

Kikoa kina hatari yake. Mtu wa pili hutaka kumpita wa kwanza, na wa tatu hutaka kumpita wa pili. Leo wali na mchuzi, kesho pilau, kesho kutwa biriani ya mbuzi mzima, na wa mwisho hukopa ili asiaibike. Jambo hili lilionekana kwa ukubwa wake katika ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya kwenye miaka ya 1890 na baadaye ikaenea bara na Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vya beni vilikuwa na tarumbeta, sare, na vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Wanachama walisaidiana wakati wa maradhi na maziko, na hilo lilikuwa jema. Lakini vyama vilishindana pia kwa karamu, kila kimoja kikitaka kuwalisha watu wengi zaidi ya kingine, na fedha nyingi zikapotea katika mashindano hayo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na mtu akisoma habari hizo hawezi kukosa kuona sura za arusi na sherehe nyingi za siku zetu.

Nasi tusiwacheke. Watu wa zama zile walikuwa na mahali pachache pa kujifurahishia. Katika enzi ya ukoloni hoteli nyingi kubwa za Nairobi na Mombasa hazikumpokea Mwafrika kama mgeni, ila kama mpishi au mtumishi wa mezani, na ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka ya 1950 tu. Katika gari la moshi Mwafrika wa kawaida alisafiri daraja la tatu juu ya viti vya mbao. Ndiyo maana baraza ya nyumba, benchi ya muuza kahawa, na uwanja wa ngoma vilikuwa na thamani kubwa. Mtu alikuwa mgeni wa heshima hapo, naye aliwakaribisha wengine kwa heshima hiyo hiyo. Mpaka leo benchi ya kahawa ya Mji wa Kale haimwulizi mtu kazi yake wala kabila lake.

Haya, tuje kwenye safari yenyewe.

Jambo la kwanza ni kumchagua mweka hazina kabla ya kukata tikiti. Asiwe yule mwenye maneno mengi, wala yule mwenye mshahara mkubwa. Awe mtu ambaye hata nyumbani kwake hujua bei ya sukari. Kikundi kikutane mara moja, kikubaliane kiwango ambacho mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote aweza kukitoa bila kuuza kuku, na kiwango hicho ndicho kiwe fungu la kila mtu. Tangu mwaka 2007, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu hapa Kenya, hakuna sababu ya mtu kusema hakuonana na mweka hazina. Fungu litumwe kidogo kidogo kwa miezi mitatu au minne, na mweka hazina aandike katika daftari. Mtu mwenye uwezo zaidi akitaka kuwafurahisha wenzake, amkabidhi mweka hazina nyongeza yake kimyakimya, nayo iingie katika mfuko wa wote. Namna hii hakuna mdhamini na hakuna mdhaminiwa mezani. Najua wako watu wasioipenda shauri hii, kwani kwao utamu wa kutoa umo katika kuonekana. Hao waachiwe walipie madafu.

Usafiri sasa ni mwepesi kuliko zamani. Reli ya kwanza ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi abiria wa Mombasa alilala njiani usiku kucha. Reli mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na mwendo wa Nairobi mpaka Mombasa ukawa wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700 wakati huo. Tangu Januari 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 kuwa 1,500. Yafaa kukumbuka mambo mawili. Tikiti za Desemba na za sikukuu huisha mapema sana, basi zikatwe mapema, na kila mtu achukue kitambulisho chake. Tena stesheni mpya iko Miritini, nje ya kisiwa, wala si katikati ya mji kama ile ya zamani, na nauli ya matatu kutoka Miritini mpaka mjini lazima iingizwe katika hesabu. Vikundi vingi huisahau nauli hiyo, na ugomvi wa kwanza huanzia pale pale stesheni.

Asubuhi ya kwanza mjini, kikundi kisikimbilie ufuoni. Kwanza wale mahamri na mbaazi. Mahamri mazuri yana harufu ya iliki na yamefura ndani kama mfuko. Mbaazi hupikwa kwa tui la nazi mpaka mchuzi unakuwa mzito. Chakula hiki ni cha bei nafuu, chashibisha mpaka adhuhuri, na hapana mtu ambaye haya itamshika kwa kukiagiza. Mimi naona kwamba kikundi kikianza siku kwa mahamri na mbaazi, nusu ya matatizo ya fedha yamekwisha, kwani wenye njaa ndio waagizao ovyo.

Kisha waende Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 hata 1596, na ramani yake ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ukuta wake ulishuhudia mambo mazito. Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na walioizingira na waliozingirwa walikaa karibu miaka mitatu, wengi wakifa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, mpaka ngome ilipotwaliwa Desemba 1698. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895. Mwaka 1958 ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Raia wa Kenya hulipa kiingilio pungufu kuliko mgeni wa ng'ambo, basi kitambulisho kisiachwe chumbani. Mwalimu akiwamo katika kikundi, apewe nafasi ya kueleza. Lakini asichukue nafasi ya adhuhuri nzima.

Kutoka ngomeni mtu huingia moja kwa moja katika Mji wa Kale. Njia ya Ndia Kuu na vichochoro vyake vina milango ya nakshi na roshani za mbao, na humo umo msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Hapa mgeni wa bara yampasa awe na adabu kidogo zaidi. Hii si nyumba ya maonyesho. Ni mitaa ya watu, wenye wazee vibarazani na watoto wanaokwenda madrasa. Mzee asalimiwe kwa shikamoo, na jibu la marahaba lisubiriwe kabla ya kuuliza njia. Mlangoni husemwa hodi hata kama mlango u wazi. Picha za watu zisipigwe bila idhini, na nguo za ufuoni zibaki ufuoni. Katika mwezi wa Ramadhani si heshima kula au kunywa hadharani mchana katika mitaa hii, hata kama mgeni si Mwislamu. Avumilie mpaka jua litue, naye atalipwa kwa wingi, kwani saa ya futari harufu za mitaani zamtosha mtu kusahau njaa ya mwezi mzima.

Alasiri na jioni ndipo Mombasa huonyesha chakula chake. Kuna viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika unga uliokorogwa na kutiwa manjano, kisha vikakaangwa. Huliwa kwa chatini ya ukwaju yenye pilipili. Kuna mishkaki juu ya makaa, na muhogo wa kukaanga au wa kuchoma unaonyunyiziwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Kuna kachri, bajia, kaimati, vitumbua, mkate wa sinia, na mkate wa mayai unaokunjwa juu ya chuma cha moto ukiwa na nyama ndani. Muuza kahawa hupita na dele la shaba na vikombe vidogo, akivigonganisha ili watu wasikie kwamba amefika. Kahawa yake ni chungu, haina maziwa, na kazi ya kuiondoa uchungu ni ya kashata au ya halua. Karani aliyezoea chai ya maziwa hukunja uso kikombe cha kwanza. Kikombe cha tatu huanza kuzungumza siasa.

Vyakula hivi ni neema kwa watu wanaokula bia, kwa sababu huuzwa kidogo kidogo. Mweka hazina anunua sahani ya hiki na sahani ya kile, vyote vyawekwa katikati, na kila mmoja huonja. Hapana anayejua nani amekula kingi. Mahali pazuri pa kufanya hivyo ni kando ya bahari, katika barabara ya Mama Ngina, iliyokuwa ikiitwa Azania Drive zamani za ukoloni. Bustani yake ilitengenezwa upya, na sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2019 iliadhimishwa pale. Jioni watu wa kila namna huketi wakitazama meli zikiingia Kilindini, watoto wakikimbia, na wauza madafu wakichonga nazi kwa panga. Mtu atokaye Nyeri au Kakamega akiiona meli ndefu kama mtaa ikipita karibu kiasi cha kusoma jina lake, hatalisahau jambo hilo upesi.

Lakini chakula kilicho bora hakiuzwi. Mara nyingi mmoja wa kikundi huwa na jamaa au mtu wa kazini mwenye nyumba Mombasa, na kikundi huambiwa, "Kesho mtakula kwetu." Hapo mambo hubadilika. Mwenye nyumba haulizwi gharama, wala halipwi. Ukimpa fedha mezani umemtukana. Wageni wafike na kitu mkononi: viazi vya bara, maharagwe mapya, paketi za majani ya chai, sukari, au asali. Vitu hivi vikabidhiwe mama wa nyumba tangu mwanzo, bila hotuba. Mkulima ndiye anayeng'ara siku hiyo. Kabichi na karoti za shamba lake, zilizopakiwa vizuri na kufika nzima, zina heshima kuliko keki ya dukani.

Chakula kikiletwa katika sinia moja, watu wanne au watano huketi kulizunguka. Maji ya kunawa hupitishwa kwa birika. Huliwa kwa mkono wa kulia, na kila mtu hula upande uliomwelekea, bila kuvuka mpaka wa jirani. Nyama huwekwa juu, katikati, na mgeni mwenye adabu haivamii. Hungoja mwenyeji aigawe au aisukume kwake. Mtu akishiba mapema, hafai kusimama ghafula wakati wenziwe wanaendelea, maana atawakatiza. Hula taratibu, tonge ndogo ndogo, mpaka wote wamemaliza. Naona katika desturi hii ya sinia pana hesabu ya haki iliyo bora kuliko ile ya mkahawani, kwani mwenye kukimbilia huonekana na wote, na mwenye haya husogezewa.

Kama kikundi chenyewe ndicho kinachoandaa karamu, pengine kwa kukodi nyumba yenye jiko, pilau ndiyo njia ya busara. Kilo moja ya mchele hutosha watu sita mpaka wanane, ikiwa ina nyama na kachumbari. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe rangi ya kahawia iliyoiva, kwani rangi ya pilau hutoka hapo, si katika unga wa dukani. Bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vitiwe, na mchele uoshwe na kuchujwa kabla. Wanaume wasikae barazani wakiongea mpira huku wake zao au dada zao wakikata vitunguu kilo mbili. Karamu ni ya wote, na machozi ya vitunguu yawe ya wote.

Sikukuu ya Idi yastahili maneno yake. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi, Idi huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa hesabu ya kalenda yetu ya kawaida, na siku yenyewe hutegemea kuonekana kwa mwezi. Basi mtu anayetaka kuiona Mombasa katika nguo zake nzuri asikate tikiti ya kurudi iliyobana mno. Asubuhi watu huswali, kisha hutembeleana nyumba kwa nyumba. Watoto huvaa nguo mpya na hupewa fedha kidogo, mkono wa Idi, kisha humiminika viwanjani, kama pale Makadara, kwenye bembea na peremende. Rafiki Mkristo akialikwa aende bila wasiwasi, kama vile rafiki Mwislamu anavyokwenda kula Krismasi kwa mwenzake wa ofisi, ila mwenyeji wa Krismasi na akumbuke kuchinja kwa namna itakayomwezesha mgeni wake kula.

Kwa wakulima, nashauri siku moja itolewe kwa Bamburi, kwenye bustani ya Haller. Hapo palikuwa shimo la machimbo ya saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, pasipo udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina nyingi, na michache tu ikashika. Hodari kuliko yote ulikuwa mvinje. Majani ya mvinje yalikuwa magumu, hayakuoza upesi, basi akaleta majongoo wayale, na kinyesi cha majongoo kikawa mwanzo wa udongo. Leo pana msitu, mabwawa na wanyama. Nimewaona wakulima wakisimama hapo muda mrefu kuliko walivyosimama ngomeni, wakiuchukua udongo ule vidoleni na kuunusa. Hapo ndipo pia dunia nzima ilipomjua Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa rafiki yake, wakila na kulala pamoja.

Atakaye kwenda pwani ya kusini atavuka kivuko cha Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi. Msongamano huwa mkubwa asubuhi na jioni, basi wavuke katikati ya mchana, wasisukumane, na wasiruke kabla chombo hakijafunga. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu wapatao 270 wakafa maji. Wengi wao walikuwa wakienda kazini tu, kama siku nyingine. Kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuwahesabu wenzake kabla ya kupanda na baada ya kushuka.

Juu ya pombe sina mengi. Anayekunywa na anywe kwa fedha yake mwenyewe, nje ya mfuko wa bia, tena baada ya mweka hazina kufunga daftari. Kikundi kinacholipia chupa kutoka mfuko wa wote kitamnyonya asiyekunywa, na hilo ni lile lile la kamba na maharagwe.

Siku ya kurudi, fungu dogo litengwe kwa ajili ya walioachwa nyumbani. Watoto hufurahia mabuyu mekundu na achari ya maembe, ijapokuwa midomo na shati havitasafika kwa siku mbili. Wazee hupenda halua na tende. Vinunuliwe Mji wa Kale au Marikiti, si stesheni, ambako bei huwa ya mtu mwenye haraka. Kisha, gari likisha kuondoka Miritini na watu wamekwisha kuketi, mweka hazina afungue daftari na kusoma hesabu kwa sauti, kabla wale wanaoshukia Voi au Mtito Andei hawajaanza kutafuta mizigo yao. Kilichobaki kigawanywe papo hapo, hata kikiwa shilingi kumi na tano kwa kila mtu, ama kikubaliwe na wote kuwa ndicho mwanzo wa mfuko wa mwaka ujao.